Mshale wa Chaji

Juzi, kwenye duka la vyuma chakavu mtaa wa Mlandege, niliona geji ya chaji ya ndege ndogo, nikakumbuka alasiri moja kwenye shamba la chai. Mama alikuwa amelazwa ndani ya ndege, uchungu wa kuzaa umemkwama, ili apelekwe hospitali Mbeya. Injini iliunguruma, lakini mshale wa geji ulionyesha betri haipati chaji. Baba, fundi wa malori ya shamba, akaizuia ndege isiruke.

“Fundi, injini ni nzima. Twende,” rubani alisema.

“Bwana, lori likizimika nalisukuma. Hili dege nitalisukumia wapi huko juu?”

Watu walicheka. Mimi, mtoto mdogo, nilidhani mshale ule ulipima uhai wa injini, nikafurahi ilipozimwa. Kwa saa nzima Baba alifuata nyaya kutoka dainamo inayochaji hadi betri, akakuta waya wa ethi, ule unaoshikiza umeme kwenye bodi, una kutu, akaukwangua kwa kisu. Petroli ilinukia. Mama aliacha kulia, nikadhani amepata nafuu.

Sasa najua injini ile ilipata cheche kwenye magneto, kifaa kinachojitengenezea umeme wake, si kwenye betri. Ndege ingeruka vilevile, bila kupoteza ile saa nzima. Mama alipona huko hospitali, lakini mtoto alizaliwa amekufa. Baba alizeeka akisimulia jinsi alivyomwokoa mkewe, nami kitabu kilichonifundisha haya sikukisoma mbele yake.