Kitambaa cha Kutokea Eda

Mama mdogo wangu Waridi alikaa eda mwaka mzima na miezi miwili. Kitabu kinasema miezi minne na siku kumi, na hakikutaja kitambaa. Lakini kwetu Kasongo mjane hatoki mpaka ndugu za marehemu wamletee nguo mpya. Akitoka na kuukuu, watu wanasema amemtoroka mumewe kaburini. Ujinga wetu huo, na sisi wenyewe tuliulinda.

Mzigo ulimwangukia shemeji yake, Atumani, mkulima wa pamba. Alipouza pamba yake, kwa bei waliyoipanga Wazungu, alikwenda moja kwa moja dukani kwa Abdallah. Fedha haikutosha.

"Juzi uliniambia bei ingine," alisema.

"Juzi ni juzi, ndugu yangu. Bulamatari amepandisha kodi ya vitu vya kutoka Ulaya. Kitambaa, chumvi, sabuni, vyote. Mie nalipa kwanza, kisha nawe unalipa."

Bulamatari ndiyo serikali ya Wabelgiji. Ilichukua pamba yetu karibu bure, ikaturudishia nguo ya pamba kwa bei ya kuunguza mkono. Nikikumbuka, hasira inanipanda mpaka leo.

Atumani akarudi na chumvi, maana watoto wake sita hawawezi kula sombe, majani ya muhogo, ya maji matupu. Akaanza kuweka akiba upya, chumvi ikaila. Sabuni tuliisahau, tukafulia majivu ya maganda ya ndizi.

Wakati huo Amisi, mpiga kasia wa Nyangwe, alikuwa akimngoja Waridi atoke amuoe. Alituma salamu mara tatu. Kila mara mama mdogo aliniambia, akitabasamu, "Umwambie kitambaa iko njiani."

Mara ya nne hakutuma mtu. Alioa huko huko Nyangwe, na simlaumu.

Kitambaa kilifika wiki iliyofuata, kimepungua mkono mmoja. Atumani alikiweka mkekani bila kumtazama usoni.

"Shemegi, unisamehe. Nguvu yangu imeishia hapa."

Waridi alioga, akakivaa, akamshukuru. Kesho yake asubuhi kapita wa pamba, msimamizi wa Bulamatari, alikuja kumwonyesha shamba: ametoka eda, basi naye ahesabiwe kati ya wanaolimishwa pamba kwa lazima. Alikwenda kulima pamba amevaa kitambaa hicho hicho, maana hakuwa na kingine.