Mahali Mkono Haufiki

Daktari wa ngozi wa Kinanira hamsalimii mgonjwa kwa mkono, humshika kucha. Za Marcellin, mpakuzi wa mizigo bandarini ambaye ameshapakwa kila dawa kasoro rangi ya mlango, ziling'aa kama za bibi harusi.

"Hii yote ni kujikuna, papa," alisema daktari, mama mwenye sauti nzito ya kuhubiri, akamgeuza. Mikono, kifua na mabega vilichimbika kama barabara ya masika. Katikati ya mgongo tu ngozi ilikuwa laini ya kitoto. Daktari akatabasamu utadhani kaokota dhahabu.

"Hapa mkono haufiki, ndiyo maana pamesalimika. Ngozi haina kosa. Kinachowasha kiko ndani, pengine ini, pengine figo. Tutapima damu."

"Bibi yangu anasema ni upele, dokta. Ananilaza salon, kwenye kochi, nisimwambukize."

Daktari akafungua mlango, akamvuta Mwavita, mke wa Marcellin, kutoka kwenye benchi na kumshika kucha. "Zako hazing'ai hata kidogo, mama. Ingekuwa upele, na we ungejikuna."

Marcellin alimtazama daktari kama mtu aliyeona ziwa likigawanyika. Mwavita akaziangalia kucha zake, akamwangalia mumewe.

"Basi leo rudi kitandani," akasema. "Lakini usinikune mi."