Mikono ya Mama Siku ya Kutoka Jandoni

Harufu ya baruti hainipiti hivihivi. Juzi nilikuwa Nkowe, Ruangwa, katika kuhangaika kwangu kwa siku zote, nikakuta watu wanasherehekea watoto waliotoka jandoni. Mzee mmoja akafyatua gobore hewani. Moshi ule mchungu uliponifikia puani, nikajikuta nimekaa chini, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa na miaka tisa nilipotoka jandoni kwetu Marambo, Nachingwea. Tuliketishwa mkekani na nguo mpya, vichwa vimenyolewa vinang'aa mafuta, nyuso tumeziinamisha. Huinui uso mpaka mama yako aje akicheza, akushike kidevu, akuinue mwenyewe. Muda wote tuliokaa porini wenzangu waliota wali na nyama. Mimi niliwaza mikono ya mama.

Mama alikuwa Mmakua, aliyevuka Ruvuma akikimbia vita Msumbiji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Tulimcheka, naye alicheka kuliko sisi. Lakini mlango ukibamizwa, hata na upepo, aliangusha alichoshika. Sahani zetu zote zilikuwa za bati, na mimi nilidhani kila nyumba iko hivyo.

Siku hiyo nilimsikia akija. Kigelegele chake nilikijua kati ya vyote. Kikasogea, kikasogea, hadi nikaiona miguu yake imesimama mbele ya mkeka. Ndipo gobore likalia.

Vigelegele vya wengine viliendelea. Cha kwake kilikatika, na miguu yake haikuwapo tena.

"Mama yako kakimbia," mwenzangu akaninong'oneza. "Kakimbia kama kuku."

Wenzangu wakainuliwa wote, nikabaki peke yangu. Shangazi Somoe, dada yake baba, akaja kunishika kidevu. Nikakaza shingo.

"Inua uso, baba, jua linakuunguza. Kwani mimi si mama yako?"

"Namsubiri mwenyewe."

"Na akija kesho?"

Akafungua mwavuli, akaketi pembeni yangu, akinung'unika kwamba shingo hii ni ya kaka yake mtupu.

Mama walimkuta kwenye shamba la ufuta, amelala kifudifudi. Chini ya kifua chake alikuwapo mtoto mchanga wa jirani, aliyemkwapua pale uwanjani bila hata kumtazama. Mtoto alikuwa mzima, analia tu. Mwenye mtoto akampokonya kwa matusi, na mama akawa anaitikia kila tusi, "Ndiyo, dada. Ndiyo, dada."

Alinifikia watu wameshaanza kula. Akapiga magoti. Alinuka udongo, na vidole vyake, vikitafuta kidevu, vikanigonga meno.

"Baba, nimechelewa kidogo," akasema, akaniinua uso.

Hakucheza. Sikumwona akicheza tena maisha yake yote.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilimuuliza, kwa uchungu niliokuwa nimeuficha, kwa nini alimbeba mtoto wa watu akaniacha mimi. Alikuwa anapepeta ufuta.

"Wewe ulikuwa na miguu," akasema.

Kisha, macho yakiwa kwenye ungo, akanitajia jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye sikuwahi kusikia akitajwa. Alikuwa bado anatambaa. Kijiji chao kilipovamiwa, mama alikuwa kisimani, mtoto kamwacha nyumbani. Waliokuwa wakikimbia walimshika wakamburuta, asirudi nyumbani kufa. Alivuka mto mikono mitupu. Aliponieleza hayo, akaendelea kupepeta.

Mimi nimeacha kazi, vyumba, na mwanamke mmoja mwema, kwa sababu tu mtu alipaza sauti. Kwa miaka mingi nilijiita mwoga, jina lile lile nililokuwa nimempa mama moyoni. Siku hizi nikianza kufunga begi, najisemesha taratibu kama unavyomsemesha mgonjwa: kaa kwanza, hakuna anayekuja. Mara nyingine nakaa.

Mama hayupo sasa, na hili sikuwahi kumwambia. Nilidhani siku ile alikimbia. Kumbe alikuwa amerudi kumchukua mwanawe.