Atuganile, Unga wa Ngano na Mtihani wa Darasa la Nane

Atuganile binti Jailos hakuogopa nyoka wala radi. Aliogopa karatasi ya mtihani. Ukimpa chaki ubaoni aliandika vizuri kuliko sisi sote, mimi mwenyewe nikiwemo, na mimi sikuwa mtu wa kukaa nyuma. Lakini mwalimu akishasema tu, "Haya, kaeni mbalimbali," vidole vyake vilianza kucheza kama vya mgonjwa wa homa, na yote aliyoyajua yakamtoka.

Tulikuwa darasa la nane mwaka wa 1956, shule ya bweni ya wasichana ya misheni, upande wa Iringa, kule juu kwenye ukungu na miti ya miwati. Mimi, Matilda, ni Mhehe, kwetu hapakuwa mbali. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Alipanda lori mpaka Mbeya, akapanda jingine linalopita Chimala, na kila muhula alitufikia ana vumbi mpaka kwenye kope. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu, kwa hiyo habari zake nazijua, sikusimuliwa na mtu.

Habari kubwa ilikuwa hii. Nyumbani kwao ng'ombe wa mahari walikwishaingia zizini. Mchumba aliitwa Lutengano, kijana mlimaji wa kahawa. Mzee Jailos, baba yake Atuganile, alikuwa amekubaliana na wakwe: binti akifaulu na kuchaguliwa kwenda ualimu, ndoa itangoja mpaka amalize. Akishindwa, arusi ni mara moja.

"Lutengano si mtu mbaya," aliniambia. "Ana meno mazuri, tena anacheka. Lakini nikiingia nyumbani kwake sasa hivi, Matilda, kitabu nimekiaga. Nitalima kahawa, nitazaa, basi."

"Sasa si ufaulu?"

"Unasema kama vile kufaulu ni kuchota maji."

Mwaka ule Bibi Mkuu, mzungu mrefu aliyetembea kama anayechelewa treni, alitutangazia kwamba darasa la nane tusionekane tena jikoni wala kwenye chumba cha kushonea. Kudarizi basi, kufuma basi, kuoka mikate basi. Tusome tu. Wengine tulifurahi, maana kukanda unga wa shule nzima asubuhi ya baridi si mchezo. Jioni nilimwona Atuganile ameshika ncha ya shuka la kitanda anaikunja na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua.

Kilichofuata tulikiona wote. Alisoma mpaka macho yakaingia ndani. Ulipofika mtihani wa majaribio, wa kutupima tu, alirudisha karatasi ya hesabu ikiwa na jina lake na doa la wino, hakuna kingine. Msichana mmoja akamcheka: "Haya, bibi arusi, ng'ombe wanakuita!" Atuganile alikwenda nyuma ya bweni akatapika.

Aliyemshika mkono ni Mama Damari. Huyu alikuwa Mbena, mjane, mlezi wetu wa bweni na mkuu wa jiko. Mikate yake aliiumua kwa maji ya viazi vilivyochachuka, akaioka katika tanuri la udongo nje ya jiko. Alimwendea Bibi Mkuu, nami nilikuwa nafagia kibaraza, nikasikia.

"Bibi, nirudishie yule mtoto wa Tukuyu asubuhi."

"Damari, ana mtihani."

"Najua. Na mimi nina mikate. Hawa wadogo ulionipa wanaupapasa unga kama wanambembeleza paka. Jana wewe mwenyewe uliacha mkate mezani."

Bibi Mkuu akacheka kidogo. Mkate ule ulikuwa jiwe kweli. Akakubali, asubuhi tu kabla ya masomo, na jioni sindano kidogo.

Basi ikawa hivi. Atuganile anakunja mikono ya gauni, anaangusha donge la unga mezani, mimi nakaa kizingitini na daftari langu. Nauliza, yeye anajibu huku anakanda. "Mito inayoingia bahari ya Hindi?" Kofi kwenye unga: "Pangani!" Anakunja, anageuza, kofi: "Wami! Ruvu! Rufiji! Ruvuma!" Nikimpa hesabu ya sehemu alisukuma unga kwa kiganja, akanyamaza, akasukuma tena, jibu likatoka, na lilikuwa sawa. Jioni alichukua kitambaa chake cha meza alichokuwa anakidarizi maua mekundu, akahesabu nyuzi kwa mshono wa msalaba, huku midomo inatamka maneno ya Kiingereza. Rangi ikamrudia usoni. Kwenye jaribio la pili vidole vilitetemeka, lakini aliandika. Akawa wa tatu. Mimi nilikuwa wa sita, na sioni haya kusema.

Kila mwaka serikali ilileta msimamizi mgeni kutoka mbali, asiyejua mtoto yeyote, ili asionekane kupendelea. Mwaka ule alitoka upande wa Mbeya. Alifika jioni, akalala kwa mchungaji, hatukumwona.

Asubuhi ya mtihani tulipangwa mstari mbele ya darasa. Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa tano humwoni. Atuganile alikuwa ametoka kukanda mkate, ametulia, tena ananitania, "Matilda, leo usininakili." Mara katika ukungu tukasikia viatu, halafu sauti ya mtu mzima: "Hamjambo, wanangu?"

Atuganile alinibana mkono mpaka nikapiga kelele. Nilipogeuka hayupo. Niliona kisigino tu kinapotea pembeni mwa jiko.

Nikamfuata mbio. Nilimkuta amechutama nyuma ya gunia la unga, amejifunika kichwa kwa aproni.

"Wewe! Wanaingia!"

"Yule ni nani?"

"Si msimamizi? Wanasema Mwalimu Asuki..."

"Usilitaje!" Akaziba masikio. "Ni baba yake Lutengano."

"Basi si bahati? Ni mtu wenu."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nyinyi Wahehe mnaolewa vipi, nyinyi?"

Ndipo akanieleza, haraka haraka. Kwao, ng'ombe wakishaingia zizini, binti hamwoni tena baba mkwe, na baba mkwe hamwoni binti. Akitokea njiani, wewe unaingia kichakani. Jina lake hulitamki. Kukaa naye chumba kimoja, hilo halisemeki. Mwanamke aliyemdharau mkwe namna hiyo, watu watamwambia ndiyo maana hazai, ndiyo maana watoto wake wanaugua.

"Kwa hiyo unaacha mtihani?"

"Sijui." Akaanza kulia. "Nikiingia, nimemvunjia mkwe heshima. Nisipoingia, naolewa mwezi ujao. Nifanyeje, Matilda?"

Mama Damari alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Hakubishana naye. Alikata donge la unga akalitupa mezani. "Inuka ukande. Usifikiri, kanda. Matilda, twende."

Mlangoni mwa darasa tulimkuta Bibi Mkuu amekunja uso, ameshika saa yake. Wenzangu walikwishakaa. Msimamizi, mtu mfupi mwenye koti jeusi, alikuwa amesimama na orodha ya majina, lakini haisomi. Alikuwa anatazama ukuta. Alikwishaita "Atuganile binti Jailos", hakuna aliyeitika, na yeye mwenyewe alikwishafahamu.

"Ni woga wake ule ule," Bibi Mkuu alisema. "Damari, mlete. Nikigonga kengele mlango unafungwa, haingii mtu."

"Bibi," msimamizi akasema polepole, "yule hakimbii mtihani. Ananikimbia mimi. Tena anafanya vizuri."

Akamweleza. Bibi Mkuu akasikiliza huku kidole kinagonga kioo cha saa. "Lakini Mwalimu, wewe umebatizwa!"

"Nimebatizwa, Bibi. Na yeye amebatizwa. Lakini mke wangu akisikia nimemtazama yule mtoto usoni, nitalala na mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi mwingine hakuwepo, na bila msimamizi kumwona mtahiniwa, karatasi yake ingefutwa. Bibi Mkuu alitazama njia, kama vile gari lingeweza kuleta mtu mwingine. Njiani kulikuwa na ukungu tu.

"Sheria inataka nimwone," msimamizi akasema. "Haikusema nimwone sura. Lipelekeni dawati lake mbele kabisa, lielekee pembe ya ukuta. Mimi nitakaa nyuma ya wote. Akiingia nitakuwa nimegeuka. Mgongo wake nitauona, inatosha."

Bibi Mkuu akatazama saa: "Una dakika chache, Matilda. Kimbia."

Nilikimbia mpaka jikoni. Atuganile ana unga mpaka viwikoni.

"Njoo! Amegeukia ukuta."

"Una hakika?"

"Kama mtoto aliyeadhibiwa. Njoo!"

Mama Damari alimfunika kaniki yake, kichwa na mabega, ikabaki tundu la pua na macho. Aliingia ameinama, anatazama vidole vya miguu yake. Nyuma ya darasa Mwalimu Asukile alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, kofia kaishika mgongoni. Msichana mmoja akaanza kucheka, Bibi Mkuu akamtazama, kicheko kikafa. Kengele ikagongwa. Mlango ukafungwa.

Karatasi ilikuwa ya hesabu. Mimi nilikaa safu ya pili, nikamwona vizuri. Sisi tukaanza kuandika, yeye haandiki. Kila mara msimamizi alipokohoa nyuma, mabega ya Atuganile yalipanda mpaka masikioni. Alichukua kalamu, ikadondoka. Akaiokota, doa la wino likaanguka juu ya karatasi, nikajua basi, ni yale yale. Nilisoma swali langu la pili mara tatu, sikulielewa, kwa sababu ya mgongo ule.

Halafu dawati lake likaanza kulia. Kwi. Kwi. Ameweka kalamu chini, ameshusha viganja juu ya mbao, anasukuma. Anasukuma, anakunja vidole, anarudisha, anasukuma. Anakanda unga ambao haupo.

Nyuma kiti kikasogea.

Msimamizi akisikia mtahiniwa anahangaika kwenye dawati, kazi yake ni kwenda kutazama kama hakuficha kitu. Viatu vikaanza kuja. Vikapita safu ya nyuma. Vikapita safu yangu. Kalamu zote zilikuwa zimesimama. Chini ya kaniki Atuganile naye alivisikia, maana alijikunja mpaka akawa kama furushi, lakini viganja havikuacha. Kwi. Kwi.

Viatu vikasimama. Hatua nyingine mbili angemwona uso. Akibaki pale, amemwacha mtahiniwa bila kumchunguza, na Bibi Mkuu yuko mlangoni anatazama. Nilimwona mzee kwa pembe ya jicho: jasho, baridi yote ile. Akavisikiliza vile viganja. Sijui aliwaza nini. Labda alimkumbuka mkewe anasaga ulezi. Akageuka taratibu akarudi kitini kwake.

Dawati likanyamaza. Atuganile akafuta viganja kwenye gauni, akachukua kalamu. Kuanzia hapo sikumwona akiinua kichwa.

Wakati ulipokwisha, hakusimama. Mwalimu Asukile akaniambia, "Wewe binti, karatasi ya yule niletee wewe." Akatoka nje wa kwanza, akaenda mbali kwenye miti, akakohoa kwa nguvu ili ajulikane alipo. Ndivyo tulivyokwenda kwa karatasi zote mpaka mwisho.

Tukafunga shule. Mimi sikuchaguliwa kuendelea, na ile karatasi ya hesabu siilaumu sana. Yaliyobaki alinisimulia Atuganile mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwa hiyo nayaandika kama nilikuwepo.

Kwao hapakuwa na unga wa ngano, wala tanuri. Alikuwa na kitambaa chake tu. Siku zilipita bila habari, na shangazi zake hawakungoja. Ulezi wa pombe ya arusi ulikwishalowekwa, kimea kimeanza kuchungulia. Kila asubuhi alikwenda kukitazama kimea kimerefuka kiasi gani, akarudi ndani akadarizi. Jani moja la kijani alilidarizi, akalifumua, akalidarizi, mpaka kitambaa kikatoboka hapo.

Siku moja mchana akasikia uani: "Mwenye nyumba yupo?"

Sauti ile ile. Akarudi kwenye pembe yenye giza kuliko zote.

"Yupo, karibu ndani," mzee Jailos akajibu.

"Ndani siingii, unajua. Nasimama hapa zizini. Ng'ombe wangu hawajambo?"

"Ng'ombe wangu hawajambo," Jailos akasema, wakacheka wote wawili.

"Basi waache waendelee kula majani yako. Natoka Mbeya. Yule mtoto wa mgongo amechaguliwa. Anakwenda ualimu."

"Mtoto wa mgongo ndiye nani?"

"Mimi nimemjua kwa mgongo tu, unataka nimwiteje?"

Shangazi mmoja akauliza, "Na huu ulezi wetu?"

"Upikeni uji."

"Na Lutengano?"

"Lutengano ana kahawa ya kupalilia. Atangoja."

Ndani Atuganile alitaka kupiga kigelegele mpaka Mbeya wasikie. Hakuweza. Mkwe yuko uani, na sauti ya mkaza mwana haitakiwi imfikie. Akajaza kitambaa kinywani, maua na majani yote, akakiuma. Machozi yakamtoka. Huko nje mzee aliletewa kigoda, akaletewa ndizi za kupika, akaanza kusimulia ubovu wa barabara, bei ya kahawa, mvua iliyomkuta njiani Igawilo. Alikuwa mtu wa maneno, Mwalimu Asukile, akipata kigoda. Naye Atuganile akakaa humo gizani na ualimu wake wote kifuani, akingoja mkwe amalize ndizi aende zake.