Alama Nyekundu ya Vedavalli

Kwa miaka thelathini na mmoja Vedavalli alitengeneza ramani kuukuu katika chumba chetu cha nyaraka, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akifanya haraka. Gundi ya unga wa ngano aliikoroga kama anayembembeleza mtoto alale. Ramani zilimjia zimeliwa na mchwa: pwani yetu ya Koromandeli, kusini mwa India, kama walivyoiona wageni waliofuata vitambaa vyetu, mito minene kuliko ilivyo, mahekalu madogo kama meno, na bahari tupu yenye meli moja isiyofika popote. Alizipangusa huku akizisemesha. Nyakati za mchana, feni ikizunguka polepole, niliweza kuamini kwamba karatasi zile ndizo nchi yenyewe, na kwamba sisi ndio tuliochorwa.

Moja tu aliikwepa. Mpima ardhi wa Kidenmaki aliichora karibu miaka mia tatu iliyopita: ngome, mashamba ya mpunga, na nje ya ukuta wa mji alama nyekundu, ndogo kama punje ya dengu. Aliyenitangulia kazini aliandika kwenye orodha kwamba ni alama ya mpima ardhi, yaonyesha mahali pa wafumaji. Mimi nilinakili vivyo hivyo bila kuuliza.

Mwaka ule alama hiyo ikapata kazi. Wafumaji wa mji wetu wana uwanja mrefu wenye miti pande mbili. Alfajiri hutandaza nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, toka mwanzo hadi mwisho wake, wakazipaka uji wa mchele na kuzipiga brashi kabla jua halijawa kali. Pasipo uwanja, hakuna kitambaa. Halmashauri ilitaka kujenga kituo cha mabasi pale, ikidai kwamba uwanja hauna mwenyewe na kwamba wafumaji ni wavamizi wa juzi. Mtu akawaambia wafumaji habari za ramani.

Akaja Bibi Thayarammal, msemaji wao, vidole vimekakamaa kwa wanga.

"Haya, wanangu, nionyesheni kidoa chetu. Nasikia wazungu walitupaka rangi wasije wakatusahau."

"Usiiguse, bibi," akasema Bwana Sabapathi, mkuu wetu.

"Kwani nimekuja kuila? Meno yenyewe ninayo?"

Tulicheka sote isipokuwa Vedavalli. Gundi yake iliungulia jikoni siku hiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Tulipokaa kula wali wa maziwa mgando, aliniambia bila kuinua macho: "Mdogo wangu, ile alama ni yangu."

Ilikuwa sikukuu ya vyombo vya kazi, mwaka wake wa kwanza. Siku hiyo kila fundi huvipaka vyombo vyake msandali na unga mwekundu, kisha huvipumzisha. Mkuu wa wakati ule alimwambia avipake vyote vinavyowapa riziki. Alipaka mikasi, brashi, mashine ya kubania. Ramani hupakwa kwenye kitambaa chake cha kufungia, lakini cha ramani ile kilikuwa kimefuliwa, kinaning'inia kwenye kamba. Naye, msichana mgeni kazini, aliona vibaya kuiruka. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Niliogopa kufukuzwa. Halafu wasomi wakaanza kuiandikia makala. Ningesema lini?"

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu wetu wa elimu. Na yeye tangu siku hiyo hanisemeshi."

"Basi nyamaza, dada. Wafumaji wapate uwanja wao."

"Na halmashauri wakileta mtu mwenye hadubini? Wale hawajasema uongo hata mmoja, wataitwa waongo kwa kidole changu." Akasukuma sahani. "Nikisema, nawanyang'anya. Nisiposema, wananyang'anywa kesho."

Alhamisi alikuja Bwana Elangovan, afisa wa ardhi aliyetakiwa kuamua. Wafumaji walijaa hadi kwenye ngazi. Vedavalli aliweka mezani ramani, ndimu iliyokatwa, na brashi yake nyembamba kuliko zote.

"Alama hii niliipaka mimi. Unga wake mama aliutengeneza nyumbani," alisema, "manjano na chokaa. Kila mwenye jiko hapa anajua ndimu huufanya nini."

Tone lilikuwa dogo kama chozi la mbu. Nyekundu ikageuka njano mbele ya macho yetu, polepole, kama jua linalorudi nyuma.

Bibi Thayarammal akapaza sauti: "We Vedavalli! Umetuua mchana kweupe, tena kwa ndimu!"

"Nisamehe, mama. Niache niondoe uchafu wangu."

Bwana Elangovan alishafunga faili lake, lakini hakuondoka, hakuna aliyeondoka. Kwa spiriti na pamba Vedavalli aliinyonya ile njano, nukta baada ya nukta, karibu saa nzima. Feni ilizunguka. Mimi nilitazama bahari ya kwenye karatasi na ile meli yake, nikawa kama nimelala macho wazi, hadi nilipomsikia akishusha pumzi.

Chini ya doa palikuwa na wino. Miti midogo mno, mistari miwili iliyonyooka, sambamba.

"Miti," akasema Bwana Elangovan. "Iko kila mahali."

"Ya matunda?" Bibi Thayarammal aliinama, pua karibu iguse kioo cha kukuzia. "Ya kivuli cha nyumba? Nyumba iko wapi? Mwanangu, nani hapa mjini hupanda mistari miwili mirefu hivi, katikati aache patupu? Njoo alfajiri uone. Na usivae viatu vya bei, kuna uji."

Bwana Sabapathi alimwandikia Vedavalli barua ya onyo, aliyoipokea kwa mikono miwili. Mimi nilifuta mstari wangu kwenye orodha.

Alfajiri mimi na Vedavalli tulikwenda uwanjani. Ukungu ulikuwa chini, na nyuzi nyeupe, maelfu, zilining'inia toka mti hadi mti kama mvua iliyosahau kuanguka. Bwana Elangovan alifika na nakala ya ramani, akahesabu miti na visiki upande mmoja, akalinganisha, hesabu ikakubali. Ili ahesabu upande wa pili ilimbidi azunguke uwanja wote, au apite chini ya nyuzi.

Alisimama kidogo. Kisha akavua viatu, akainama, akapita.

Vedavalli akaniachia mkono. Sikuwa nimejua kwamba ameushika.