Mafuta ya Mke Mwenza

Siku za kazi Faraji huendesha gari la mkate kutoka Kisumu hadi Ahero, tena polepole, kiasi kwamba bata wa mashamba ya mpunga humpisha wakipenda wenyewe. Mtaani kwake Kaloleni anaheshimiwa kwa hilo, maana mkate wake haujawahi kufika umebondeka. Lakini nyumbani, chini ya banda la mabati, alikuwa na gari jingine: Subaru kuukuu lililong'olewa viti vya abiria na redio, halina namba wala ruhusa ya kukanyaga barabara. Lilibebwa kwa trela hadi Kisian, kwenye uwanja wa mashindano, na kwa trela likarudi. Mkewe Amirah alikuwa na jina moja tu la gari hilo: mke mwenza.

Na kweli lilitunzwa kama mke mdogo. Nyumbani walikaangia mafuta ya kupimiwa dukani; mke mwenza alikunywa ya mkebe wenye muhuri. Faraji hakutumia oili yoyote kabla ya kuitia kidoleni, kuisugua, kuinusa na kufumba macho. Ya injini aliitaka nzito, kwa sababu gari la mbio halijui kwenda taratibu likapoa. Ya breki aliitaka ile isiyochemka upesi, na mkebe wake hakuufungua hadi asubuhi ya mashindano, kwani mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya Kisumu karibu yote ni maji. Ya giaboksi ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Joram, jirani yake ambaye pia ndiye fundi wake, alichoka. "Omera, mchagua jembe si mkulima. Hii gari yako haijawahi kumaliza mbio hata moja."

Hilo ndilo lililomuuma Faraji. Kila mara injini ilichemka katikati, akatolewa uwanjani akivutwa kwa kamba huku watoto wakimshangilia. Amirah naye alikaangia mahamri yake ya kuuza uani, na mvua ya alasiri ikija, jiko linazimika na unga unageuka uji. Alilitaka lile banda. Mwishowe wakaahidiana, Joram akiwa shahidi: Jumapili gari likimaliza mbio, Amirah hatalitaja banda tena. Lisipomaliza, mke mwenza ahame.

Kwa hofu, Faraji akaagiza kulanti, ile dawa ya kutiwa kwenye rejeta ili injini isichemke. Si ya hapa, ya Dubai, rangi ya waridi kama sharubati.

Jumapili huko Kisian, mkaguzi aliyeitwa Mukhwana alifunua rejeta na kuchovya kidole. "Hii kitu ni gani, bwana?"

"Kulanti ya Dubai," Faraji akajibu, kifua mbele.

"Mwaga yote. Hapa ni maji tupu. Msimu uliopita mtu alimwaga hii kitu kwa kona, ikateleza kama mrenda, gari tatu zikaishia kwa mtama ya mama wa watu. Sheria iko hapo getini, imeandikwa kubwa."

Faraji alikuwa amepita getini pale mara nyingi, lakini kila mara macho yake yalikuwa kwenye mikebe ya oili ya wenzake. Sharubati ya Dubai ikaishia kwenye beseni.

Sasa maji yatoke wapi? Kisima cha hapo kilikuwa cha chumvi. Ziwa lilionekana kule chini, limejaa matope na magugu.

"Tia ya kisima twende!" Joram akasema.

"Nimnyweshe chumvi? Afadhali nishindwe."

Joram akakaa chini kwenye vumbi na kushika kichwa.

Amirah alikuwa pembeni na mahamri na sufuria ya chai, amekalia mtungi wake wa plastiki wa maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye paa la banda lile lile, kwa sababu chai yake haipikwi kwa maji ya chumvi. Ili apate banda, alitakiwa kuendelea kukaa tu. Faraji alilijua hilo, na aliona haya hata kumtazama. Angemwomba kwa uso gani? Mara akasikia mtungi ukitua miguuni pake.

"Mama Ikhlas, na chai je?" akamuuliza mkewe.

"Watu watakunywa soda. Mimina haraka, kabla sijarudiwa na akili."

Faraji hakumpita mtu siku hiyo; aliendesha kama aliyebeba mkate. Wabwire wa Busia alimpita mara mbili na kumpungia mkono. Lakini mshale wa joto ulitulia, breki zikatii, na mke mwenza akamaliza, wa mwisho, bendera ikiwa inakunjwa. Joram alilia hadharani. Amirah alipiga makofi, uso wake ukiwa wa mtu anayesindikiza mgeni anayeondoka na kiti. Faraji akaushusha mkono aliokuwa ameuinua kushangilia.

Kesho yake alasiri Amirah alirudi kutoka sokoni na unga, akakuta banda limefagiwa, jiko lake limesimama katikati. Gari lilikuwa uani, chini ya turubali lililobanwa kwa mawe.

"Lakini ulimaliza, Baba Ikhlas. Tuliahidiana."

"Nilimaliza kwa maji yako."

Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa ziwa. Amirah akayatazama, akalitazama turubali lililokuwa na matundu. "Na mvua ikimnyeshea huyu mwenzangu?"

Faraji akaongeza jiwe moja juu ya turubali. "Acha aloe," akasema. "Mafuta yake ni mazuri."