Bunduki ya Kutundika Sebuleni

Jumamosi niliingia duka moja la mtaa wa Laeken linalouza mitumba ya jeshi, shida yangu koti la mvua tu. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama mteja, mzee wa Kibelgiji, kibali cha silaha mkononi, akiwa na mama wa Bujumbura anayemtunza nyumbani. Mzee alitaka bunduki ya zamani, aitundike ukutani. Kwa kuwa mikono yake inatetemeka, muuzaji alimpa mama aishike.

Mama alielekeza mtutu chini, akachungulia chemba ya risasi, kisha akaingiza kidole kuhakikisha.

“Haina risasi, madame,” muuzaji alicheka.

“Bon, wote wanasemaga vile.” Mama hakucheka.

Mzee alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. “Maman, ulijifunzia wapi?”

“Kwetu, papa. Donc, utaitundika wapi?”

“Sebuleni.”

“Alors, sebule utapangusa mwenyewe.”

Aliirudisha bunduki, akajifuta mikono kwenye sketi. Mzee alikunja kibali polepole, akakitia mfukoni.

Nimealikwa nyumba nyingi mjini hapa zenye silaha ukutani, nikazisifu, nikanywa kahawa. Hata siku moja sikujiuliza anayezipangusa ni nani.